Ubeti wa Pili wa Wimbo wa Kiayalandi

Mimi kutulia sikujaliwa. Mama yangu, kule Mombasa, alikuwa akisema nahangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nimekuja Toronto nikapata kazi inayotaka mtu wa kukaa kitako: kumwangalia mwanamke mmoja mzee wa Kiayalandi, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe huko Richmond Hill. Natoka kwangu Downsview asubuhi, mabasi mawili, viatu vimeliwa na ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji, nikifika namkuta naye keshaanza kuzunguka sebuleni na mkongojo wake. Basi tukakutana wawili.

Nilikuwa namwita Mama, maana jina lake la kwanza nisingeweza kumwita hata kwa kulipwa. Siku za mwanzo nilimfundisha shikamoo. Nikiingia mlangoni namwamkia, yeye anajibu marahaba, anaitamka vizuri kuliko watoto wetu wengi wa huku. Hapo moyo wangu ukampenda.

Kilichokuwa kikimkosesha raha ni mashindano ya nyimbo. Kila mwaka kwao watu hutunga nyimbo mpya kwa Kiayalandi. Kiingereza hapo hakiingii. Nyimbo hizo zinapambanishwa mpaka moja inashinda, na hiyo ndiyo inatumwa kuiwakilisha nchi mbele ya Waskoti, Wawelshi, Wabretoni na jamaa zao wengine, kila mmoja na lugha yake ya zamani. Nyimbo za Ayalandi za miaka ya nyuma alikuwa akizisikiliza kwenye TV huku namchana nywele, na hakuna iliyosalimika. Huyu kajifunzia kitabuni. Huyu ana sauti nzuri lakini maneno yake yamepigwa pasi. Huyu gitaa lingenyamaza kidogo tungemsikia. Siku nyingine inatokea moja, sauti bila hata ala, naye ananyamaza, mkono wake unaanza kuzunguka polepole hewani. Aliniambia kijijini kwao mtu akiimba hivyo, jirani humshika mkono na kuuzungusha, ili asiwe peke yake ndani ya wimbo.

Sasa usinielewe vibaya. Lugha hiyo aliyoihukumu hivyo, yeye mwenyewe alikuwa haizungumzi na mtu. Alizaliwa nayo. Alipofika Toronto bado msichana, akafanya usafi kwenye nyumba za watu, Waayalandi wenzake wa mjini wakamcheka matamshi yake, akaapa wanawe hawatachekwa. Akawalea kwa Kiingereza kitupu. Mama yangu angemwambia usiache mbachao kwa msala upitao, lakini mimi ni nani wa kumwambia mtu hivyo? Binti yangu wa kidato cha pili namsemesha Kiswahili tangu anyonye, na ananijibu kwa Kiingereza. Nikigomba, ananiambia, kwa Kiingereza, kwamba ameelewa. Linaniuma, sifichi.

Mjukuu wa yule mama ndiye aliyeleta balaa. Msichana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa hapa hapa, akashika njia akajifunza Kiayalandi ukubwani, madarasa ya jioni, kanda, safari. Kila akija kumsalimia bibi yake, anamwamkia kwa lugha hiyo mlangoni. Na bibi, kila mara, anamjibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nikisimama pale na bakuli la uji nikiwatazama, nikaona nyumba yangu imegeuzwa juu chini: kule mtoto ndiye hajibu, huku mzee.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. "Mama," nikamwambia, "mimi wa mbali unanijibu marahaba. Huyu wa damu yako hujibu."

"Wewe hutajua nikikosea," akasema. Kisha akaniambia uji umepoa, na ulikuwa haujapoa.

Msichana akatunga wimbo. Akaupeleka kwenye mashindano yale, na ukapita, ukaingizwa kwenye fainali ya nchi. Kabla ya kupanda ndege na baba yake, alikuja kuaga. Alipiga magoti mbele ya kiti cha bibi yake akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayehesabu vidonge: kushinda si shida yangu. Sikiliza ubeti wa pili. Nitakupigia simu nikishuka jukwaani, nawe uniambie, kwa lugha yetu, kama uko sawa. Neno moja linatosha.

"Tutaona," akasema bibi.

Tutaona hiyo ilitula wiki nzima. Halali vizuri, hali vizuri. Mara mtoto atakosea mbele ya nchi nzima. Mara hatakosea, na itabidi yeye amjibu, na kinywa chake kimekauka tangu ujana. Mara akasema ataizima simu. Mimi nami nikaambukizwa. Nafua kilichofuliwa. Nashuka basi kituo kimoja mapema ili nitembee. Hata pale nyumbani binti yangu akauliza nina nini, nikamwambia ni mashindano ya Ayalandi, akanitazama kama nimerukwa na akili.

Jumamosi ya fainali ikafika, kwao jioni, kwetu mchana, theluji inayeyuka na kudondoka kutoka paani. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja kutoka ukumbini. Nikamvalisha sweta ya kijani, nikasogeza kiti karibu na TV. Leso yangu, kanga ya kwetu, ilikuwa mabegani, maana nyumba ile huwa na baridi. Zikapita nyimbo tatu. Ya kwanza akasema ni mtihani wa shule. Ya pili akakubali kwa shingo upande. Ya tatu hakuisikia, anaitazama simu.

Akatoka msichana wetu. Nguo nyeusi, hana gitaa, hana chochote. Akafumba macho akaanza.

Sijui Kiayalandi. Lakini najua sauti ya mtu anayeimba kitu chake. Ubeti wa kwanza ulinipanda kutoka miguuni. Ulipoisha, akavuta pumzi, na mimi nikafanya kile ambacho mtoto wa kike yeyote wa Mombasa hufanya arusini mwimbaji akimgusa: nikainuka, nikachomoa leso, nikaenda mbele kumtuza. Mbele yenyewe ilikuwa TV. Nikaipeperusha leso pale mbele ya kioo na nikapiga vigelegele, vile virefu, vya kutoka tumboni, kimoja, cha pili, cha tatu. Mwili ulikuwa umenitangulia, na wiki nzima ya kuhangaika ikatoka yote pamoja.

Nilipogeuka, yule mama alikuwa amesimama bila mkongojo.

"Ondoka hapo," akasema.

Nikaondoka. Msichana alikuwa ameshafika ubeti wa tatu.

Mkamia maji hayanywi. Wiki nzima ya kuungoja ubeti ule, na umepita chini ya vigelegele vyangu. TV haikukubali kurudishwa nyuma, nimebonyeza kila kitufe. Yule mama aliketi, hakunigombeza, na hilo lilinitesa zaidi, nikatamani anitukane kwa lugha yoyote. Nilimwambia pole. Akasema, "Kwenu ndivyo mnavyofanya?" Nikamwambia ndivyo, mwimbaji mzuri hatuwezi kumwacha hivi hivi. Akatikisa kichwa, akatazama dirishani.

Matokeo yakatangazwa. Wimbo wetu haukushinda. Nchi itawakilishwa na vijana watano wenye ngoma na zumari, na walistahili, siwanyimi. Kisha simu ikalia.

Alikuwa ameishika mkononi tayari. Ikalia, ikalia. Niliogopa atafanya kama alivyosema, ataizima. Nikampa mgongo nikajifanya nakunja leso.

Akapokea. Sauti ya msichana ikasikika hadi nilipokuwa, maana masikio ya mzee yanataka simu ipazwe. Akauliza kwa Kiingereza: umesikia ubeti wa pili?

Mtu mwingine angedanganya. Angesema umesikika, mzuri, hongera, na mambo yakaishia hapo.  Yule mama alisema kwa Kiingereza kwamba hakusikia, kwamba kulikuwa na kelele, arusi imeingia sebuleni.  Akasema: niambie wewe.

Msichana hakuimba. Alisema tu, mstari mmoja, akasubiri.  Mstari wa pili. Nikaona mkono wa mzee umeanza kuzunguka hewani, taratibu, kana kwamba ameshika mkono wa mtu. Mstari wa tatu ulipokuja, uso wake ukabadilika. Akausema tena ule mstari, yeye mwenyewe, kwa Kiayalandi, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, nene, ya chini. Msichana akaurudia. Bibi akamsahihisha. Akaurudia tena. Halafu bibi akaongeza maneno yake, mengi, mfululizo, hayamo kwenye wimbo, na upande wa pili wa simu nilisikia mtu analia.

Neno moja lilikuwa limeombwa. Walizungumza mpaka chai niliyomwekea ikaota ngozi juu.

Alipoweka simu, nilimwuliza ubeti ulikuwa unasemaje.  Akaniambia:

"Birika, usinipigie kelele, nimekusikia. Goti, twende, ngazi hazitatufuata. Mlango, funga taratibu, mtoto amelala."

Nikangoja nisikie na mengine. Hakuna mengine. Huo ndio ubeti.

"Ni maneno yangu," akasema. "Nilikuwa nikisema na vitu jikoni, kwa Kiayalandi. Kusema na vitu niliona si dhambi, havitanicheka. Huyu mjukuu nilikuwa namlea mchana wazazi wake wakiwa kazini. Nilidhani amelala."

Akafuta macho kwa ncha ya leso yangu, sijui aliichukua saa ngapi. "Nimemwambia hivyo sasa hivi," akasema. "Kumbe ulikuwa hulali, mtundu wewe."

Nilirudi Downsview na mabasi yangu mawili, nimesimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo. Nyumbani binti yangu alikuwa mezani jikoni na kazi za shule, vidude vyake viwili vya muziki masikioni. Nikamsalimia kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiingereza. Siku nyingine ningeanza kugomba. Siku hiyo nikawasha jiko.

Nikaviambia vitunguu visiungue, mimi nimechoka. Nikaliuliza sufuria mfuniko wake umelala wapi leo. Nikaiambia nazi ya kopo kwamba hainihadai, mimi nimekunwa nazi na mama yangu, namaanisha nimekalia mbuzi ya kukunia nazi tangu mdogo, ulimi uliteleza kwa machovu nikajicheka peke yangu. Nilikuwa nikisema kwa sauti ya kawaida, wala simtazami mtu.

Nyuma yangu kiti kikalia. Binti yangu akatoa kidude cha sikio moja akaniuliza, kwa Kiingereza, kama naongea naye.

"La," nikamwambia. "Naongea na sufuria."

Akarudi kwenye kitabu chake. Kile kidude hakukirudisha sikioni.