Karatasi ya Jibini Chini ya Benchi

Tasoni Feriali hakuwahi kumwamini mtoto wa miaka kumi na moja aliyenyamaza. Mdogo akinyamaza, alikuwa akisema, ana usingizi. Kijana akinyamaza, kapenda. Lakini wa darasa la tano au la sita akinyamaza, kamata mkoba wako uangalie kilichopungua. Miaka ishirini na sita aliwafundisha hao hao, Tasoni wao, yaani dada mwalimu, kila Ijumaa baada ya misa, katika chumba cha ghorofa ya pili nyuma ya kanisa letu pale Shubra, na hakuna aliyemwonea gere. Walimu wengine waligombania watoto wadogo, wanaochora na kuimba, au vijana, wanaojua kusema tafadhali. Hawa wa katikati, si watoto si vijana, waliachiwa yeye.

Na aliwaweza, tumpe haki yake. Mariz, mke wa mfamasia, alipoletwa kumsaidia, Feriali alimkalisha chini akamwambia, “Andika. Usisimame mbele yao zaidi ya dakika kumi, baada ya hapo unahubiria ukuta. Mwenye fujo mpe kazi, tena kazi yenye ufunguo. Usiwaulize kama wana swali, hawatauliza hata uwachinje. Weka sanduku, waandike bila majina, ulifungue mara moja kwa mwezi. Na asiyekuja Ijumaa mbili, panda ngazi za kwao ukamwulizie. Simu inadanganya.”

“Nipande peke yangu, Tasoni?”

“Wawili wawili siku zote! Ukienda peke yako watu watasema umekwenda kuomba chai.”

Mariz aliandika yote. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, mpole mno, ameolewa miaka tisa bila mtoto, na watoto wa watu walimning'inia shingoni kutwa. Feriali alimpenda, kwa namna yake. Kumwamini ni jambo jingine. Feriali hakuwa akimwamini hata muuza nyanya aliyemuuzia miaka kumi na tano.

Basi ikafika Ijumaa ya tatu ya Mfungo Mkuu wa kabla ya Pasaka. Watoto walikuwa wameshaanza kushuka kwenda kula maharage na bajia za taamiya uani, Feriali anapanga mabenchi, akaona kitu kinang'aa sakafuni. Akainama, magoti yakalia. Karatasi ya fedha, ya pembetatu, imekunjwa vizuri. Akainusa.

Jibini! Kwenye Mfungo Mkuu, wakati hata chai hatutii maziwa! Na ndani ya darasa lake!

Mtu mwingine angeitupa karatasi akaenda zake kula. Feriali aliwarudisha wote thelathini na mmoja, akafunga mlango, akaishika juu kwa vidole viwili.

“Nani?”

Akaipitisha mbele ya pua zao.

“Nauliza kwa uzuri. Nani amekula jibini humu?”

“Labda panya, Tasoni,” mmoja akasema nyuma, wenzake wakaangua kicheko.

“Panya hakunji karatasi. Mikoba juu ya meza!”

Mikoba ikafunguliwa mmoja mmoja. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa Verina, msichana wa darasa la sita mwenye macho ya karani wa forodha, ambaye Feriali alimfundisha mwenyewe kuangalia mpaka mfuko wa ndani. Mariz alikuwa amesimama dirishani, rangi imemtoka. “Tasoni, tuyaache,” alisema kwa sauti ndogo. “Ni watoto.” Feriali aliyasikia maneno hayo, akayaweka akiba. Mtu anayetaka jambo liachwe ana sababu yake.

Mikoba ikaisha, jibini hakuna. Ndipo Karas akasimama. Karas alikuwa mkimya kuliko wote, mkimya wa kutia mashaka, na kila mwezi alirudisha kadi yake ya sala na mfungo ikiwa tupu nusu, wakati wenzake wote walijitia alama kila siku kama watawa.

“Ni mimi,” akasema.

“Ulikula lini?”

“Leo.”

“Mangapi?”

Akasita. “Moja. Mawili.”

“Moja au mawili?”

“Kama unavyotaka, Tasoni.”

Hilo ndilo lililompandisha hasira. Askofu alikuwa anakuja Jumamosi ya Lazaro, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi, kuwaweka wavulana wanane wawe mashemasi waimbaji, na jina la Karas lilikuwa kwenye orodha. Orodha ilikuwa mkononi mwa Feriali; bila sahihi ya mwalimu wa darasa mtoto hasimami. Bibi yake Karas, Teta Insaf, alikuwa ameshona kanzu nyeupe tangu Krismasi, akaitarizi misalaba kwa mkono, macho yenyewe mabovu. Mtaa mzima ulishaiona. Feriali akachukua kalamu, mbele ya wote, akalipiga mstari jina.

“Anayekula jibini darasani hasimami madhabahuni.”

Karas hakulia. Alikwenda mlangoni, akasimama kidogo penye sanduku la maswali, akaandika kitu, akatumbukiza, akashuka. Huko uani wakaanza kumwita Jibini. Ijumaa iliyofuata hakuja, na nyingine hakuja.

Feriali alisema moyoni, mwenye hatia huona haya. Lakini hakulala vizuri, tuseme kweli. Mbona alisema “kama unavyotaka”? Mwizi hasemi hivyo.

Siku ya kufungua sanduku ikafika. Alilifungua nyumbani, juu ya meza ya jikoni, akichambua bamia. Yakatoka maswali ya kila mwezi: je, paka ataingia mbinguni, kwa nini Abuna, padri wetu, ana ndevu, je, kumpenda mtu darasani ni dhambi au ni kosa tu. Halafu karatasi moja ndogo, herufi zimelala upande wa kushoto. Haikuwa na jina, lakini Feriali alikuwa akisahihisha mwandiko ule miaka miwili.

*Mtu mzima akikuomba usiseme, na Tasoni akakuuliza, umsikilize nani?*

Bamia zikasahauliwa pale pale. Mtu mzima! Mtu mzima gani, anayemwomba mtoto asiseme? Safari hii haikuwa hasira, ilikuwa hofu. Akawapitisha wote kichwani. Bawabu, anayewapa watoto peremende. Mwalimu mpya wa nyimbo, aliyetoka mkoani na hakuna anayemjua mama yake. Muuza vitabu wa mlangoni. Kila mmoja alimwona na doa. Kisha akakumbuka sauti ile ndogo dirishani: Tasoni, tuyaache.

Ijumaa iliyofuata Feriali hakufundisha, alilinda. Watoto wakiimba, jicho lake kwa Mariz. Wimbo wa pili ulipoanza, Mariz akatazama huku, akatazama kule, akatoka. Feriali akavua viatu akamfuata kwenye ukumbi wa nje, mama mzima wa miaka hamsini na minne na soksi zake, mpaka mlango wa stoo ya mavazi ya maigizo. Akausukuma bila kubisha.

Mariz alikuwa amekaa juu ya sanduku la mishumaa, katikati ya mabawa ya malaika, ana kipande cha jibini mdomoni.

“Ahaa!” alisema Feriali. “Kumbe!”

Mariz alijaribu kumeza, akapaliwa, machozi yakamtoka. Feriali hakumpiga mgongo.

“Kwa hiyo mtoto wa watu amefutwa kwa ajili yako. Ukasimama pale ukatazama. Huna haya?”

“Aliniona humu siku ile, alipokuja kuchukua vitabu,” Mariz akasema. “Nikamwomba asimwambie mtu. Karatasi ilinidondoka mfukoni. Sikujua kama atasimama aseme ni yeye! Nilitaka kusema, Tasoni, haki ya Mungu nilitaka, ulimi ukagoma.”

“Ulimi umegoma wiki tatu?”

Mariz akaweka mkono tumboni. Basi. Hakuhitaji kusema zaidi, ila alisema: ni mjamzito, mwezi wa nne, baada ya miaka tisa na mimba mbili zilizotoka. Daktari amemwambia ale maziwa na jibini, anaishiwa nguvu akisimama. Abuna amemruhusu. Wanaojua ni mumewe, Abuna na mama mkwe, na mama mkwe amemwapisha asimwambie kiumbe mpaka mwezi wa tano upite.

“Mbona mimi hukuniambia?” Feriali akauliza. “Mimi nakaa na wewe kila Ijumaa.”

Mariz akatazama mabawa.

“Mnaogopa jicho la husuda,” Feriali akasema. “Haya. Jicho la nani?”

Mariz akaikunja karatasi ya jibini mara mbili, na jibu likajaa stoo nzima. Jicho la mwanamke kama yeye, asiyeolewa, asiyezaa, anayetazama kila kitu mara mbili. Feriali alisimama na soksi zake juu ya saruji baridi. Aliumia, jamani. Miaka yote alijiona ndiye anayewachunguza watu. Hakujua kama na wao walikuwa wanamficha mambo.

“Maliza kula,” akasema hatimaye. “Usirudi darasani mpaka upate nguvu.”

Alasiri hiyo alipanda ngazi za kina Karas, ghorofa ya tano, peke yake, sheria yake mwenyewe ameivunja. Teta Insaf akafungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

“Eh, Tasoni! Umekuja kukagua friji? Ingia, mwanangu, fungua. Kuna bilingani na nusu ya limau.”

“Nimekuja kumwulizia Karas.”

“Leo? Wiki tatu mtoto analia chini ya blanketi, leo ndiyo umekumbuka? Kanzu nimeiweka kwenye mfuko wa nailoni. Nitazikwa nayo mimi.”

“Nastahili kutukanwa, Teta. Nitukane nikishamwona.”

Mama mzee hakuwa amelitarajia hilo. Akasogea.

Karas alikuwa kwenye roshani. Feriali akafunga mlango wa kioo nyuma yake, akasema polepole, “Najua aliyekula. Najua na sababu.”

Mtoto akaruka. “Nani kakwambia? Mimi sijasema! Tasoni, mimi sijamwambia mtu, hata Teta!”

Hilo ndilo lililokuwa likimtisha. Si orodha, si jina la Jibini. Feriali ilibidi ageukie nguo zilizoanikwa kidogo.

“Hukusema,” akajibu. “Nimeona kwa macho yangu. Umeitunza siri vizuri kuliko mtu mzima yeyote ninayemjua. Ijumaa uje.”

“Wataniita Jibini.”

“Hawatakuita.”

“Utawaambia ya Tasoni Mariz?”

“Sitawaambia.”

“Sasa utawaambia nini?”

“Niachie mimi,” akasema Feriali, ambaye hakuwa na wazo lolote.

Ijumaa ya mwisho, kesho yake askofu anakuja, Feriali akapitia dukani kabla ya misa. Akanunua boksi la duara la vipande vya jibini vya pembetatu, la kumpa Mariz, asizimie kwenye ngazi. Muuza duka akalitazama boksi, akamtazama yeye, akasema, “Tasoni, mfungo si bado wiki?” Feriali akamwambia apime chumvi yake aache umbea, akalitumbukiza mkobani.

Darasa lilijaa. Karas kakaa mwisho, peke yake, benchi zima. Feriali akasimama mbele na orodha.

“Karas hakula jibini,” akasema. “Nilimwonea. Alisema ni yeye ili mwingine asiaibike. Karas, nisamehe mbele ya wenzako, kwa sababu nilikuaibisha mbele yao.”

Thelathini wakageuka kumtazama Karas. Karas akatazama viatu. Ilipaswa kuishia hapo, na kwa watoto wa mwalimu mwingine ingeishia hapo. Lakini hawa aliwafundisha Feriali.

Verina akanyoosha mkono. “Sasa nani alikula?”

“Aliyekula alikuwa na ruhusa. Halituhusu.”

“Siku ile lilimhusu kila mtu, Tasoni.”

“Nilikosea.”

Verina akafikiri. Akili yake ilionekana usoni ikipanda ngazi moja moja. “Siku ile tulifungua mikoba yote,” akasema. “Wako hatukufungua.”

Kicheko kikapita, kikafa. Mlangoni Mariz alisimama, mweupe, midomo imeshaanza kufunguka. Feriali akamwona. Akajua kwamba neno likitoka sasa, kufikia jioni Shubra nzima itakuwa inapima tumbo la Mariz kwa macho, na mama wa watu hatapata usingizi mpaka mwezi wa tisa. Akamkata mapema.

“Mariz, kanichukulie vitabu vya nyimbo chini. Taratibu, kwenye ngazi.”

Akachukua mkoba wake, akauweka juu ya meza mbele ya Verina, akarudi nyuma hatua moja.

“Angalia. Mpaka mfuko wa ndani.”

Verina hakufika mfuko wa ndani. Boksi lilikuwa juu kabisa. Akalitoa kwa vidole viwili, akaliinua kama alivyofundishwa, na darasa zima likavuta pumzi kwa pamoja.

“Tasoni!”

“Kumbe Tasoni mwenyewe!”

“Toba!”

“Siyo!” Karas akapiga kelele, amesimama. “Siyo yeye, yeye ha...”

“Karas,” akasema Feriali. “Kaa.”

Akakaa. Feriali hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alisimama pale, uso unamwaka, akaacha macho sitini na mawili yamchunguze kuanzia nywele mpaka viatu, na akagundua ni kazi nzito kuchunguzwa hivyo, na kwamba yeye aliwafanyia wao kila Ijumaa. Kisha akachukua kalamu, akaandika upya jina la Karas chini ya orodha, kwa herufi kubwa, akatia sahihi.

Watoto walishuka kula wakinong'ona. Verina akabaki nyuma, akamgusa mkono kwa huruma kubwa.

“Kamwambie Abuna tu, Tasoni. Hagombi sana.”

“Ahsante, Verina. Nitakwenda.”

Karas alikuwa wa mwisho kutoka. Akaja mezani, akalitazama boksi, akatazama ngazi alikokuwa anapanda Mariz na vitabu, hatua moja, akipumzika, hatua nyingine.

“Tasoni, hili nikakuwekee stoo?”

Feriali alimtazama mtoto yule kwa muda, mara moja tu, hakurudia.

“Kaliweke,” akasema. “Na ubishe hodi kwanza.”