Mwenye Sauti Kubwa Akae Mlangoni

Damiani alikuwa fundi redio pale Ifakara, karibu na soko, na kwa kuwa redio haziharibiki kila siku, alitengeneza na pasi. Alimaliza darasa la saba, akajifunzia ufundi kwa mjomba wake huko Mlimba, na akaoa Merina, ambaye wakati huo wa mwaka tisini na sita alikuwa ananyonyesha mtoto wao wa kwanza, Ester.

Kitabu kililetwa na Mzungu mmoja aliyekuwa anachunguza mbu. Damiani alimtengenezea kinanda chake cha kaseti, na siku ya kurudi kwao Ulaya yule bwana akamwachia kitabu kinene kinachoeleza jinsi vijana wa Uingereza, wale wenye nywele ndefu na magita ya umeme, walivyorekodi sahani zao za zamani. Hakikuwa na hadithi za maisha yao. Kilikuwa na michoro: maikrofoni iwekwe wapi, ukuta ufunikwe nini, waya upite wapi. Kiingereza cha Damiani kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo alisoma picha kwanza, maneno baadaye, kamusi ikiwa pajani.

Merina naye akakizoea. Akikaa kunyonyesha alikifungua juu ya mkeka na kuuliza maswali. Kwa nini wamelaza blanketi ndani ya ngoma? Kwa nini spika ya gita imefungiwa chooni? Damiani alimwambia ngoma ikilazwa blanketi haivumi hovyo, na choo cha vigae kinarudisha sauti kama kisima. Merina akacheka, akasema kumbe watu wazima na akili zao wanaweza kuimbia chooni na wakalipwa. Lakini usiku huo, akiwa anaosha vyombo, alijikuta anagonga sufuria tupu, kisha anagonga ile yenye kitambaa ndani, na kusikiliza.

Wakati huo kwaya ya kigango chao ilikuwa na shida. Mwaka uliotangulia Damiani aliwarekodi kanisani, chini ya bati, na kilichosikika kwenye kaseti kilikuwa sauti moja tu: ya mzee Sebastiani, mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye baba yake Damiani. Sauti ile ya chini ilinguruma kama kivuko kinapong'oa nanga kule mtoni. Watu waliita kaseti ile kwaya ya mzee na wapambe wake. Mzee mwenyewe alidhani wanamsifu. Sasa wanakwaya walikuwa wamekubaliana wajaribu mara moja tu, na ikishindikana watachaguliwa wachache wapelekwe Dar kurekodi. Wenye watoto wachanga, kama Merina, wangebaki. Na Damiani angebaki na pasi zake.

Safari hii aliomba ghala la mpunga. Mavuno yalikuwa yameingia, magunia yamepangwa hadi karibu na paa pande zote, na Merina aliyaelewa mara moja: zile ndizo kuta laini za kwenye kitabu. Maikrofoni ilikuwa moja. Damiani aliifunga kwenye mchi wa kutwangia, mchi akausimika ndani ya ndoo iliyojaa mpunga, akaunganisha kinanda chake cha kurekodia na betri ya gari, akaanza kupanga watu. Wenye sauti nyembamba mbele. Wa kayamba nyuma. Wa ngoma kwenye kona, kati ya magunia.

Alipomfikia baba yake, akakwama. Mzee alikuwa amesimama mbele kabisa, mahali pake pa miaka yote, tai imekazwa, uso umeielekea maikrofoni. Wakaimba ubeti mmoja wa kujaribu. Damiani akasikiliza, akarudisha mkanda, akafuta kichwa cha kinanda, pale panapogusa mkanda, kwa pamba na spiriti. Kilikuwa safi. Akakifuta tena. Wanakwaya wakaanza kutazamana, na hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mzee arudi nyuma.

Merina akamkabidhi mtoto shangazi Apolonia, akachukua kitabu, akaenda kupiga goti mbele ya baba mkwe wake, macho chini.

“Baba, naomba utazame picha hii.”

Mzee akavaa miwani. Aliikagua picha kwa muda mrefu: wapiga magita wako pamoja, na mpiga ngoma yuko peke yake mbali, amezungushiwa mapazia.

“Huyu amekosa nini mpaka wamemtenga?”

“Hajakosa, baba. Ndiye mwenye sauti kubwa. Akikaa karibu, wenzake hawasikiki.”

Damiani aliinamia nyaya zake kana kwamba hakusikia.

“Na alikubali?”

“Alikubali, baba. Ndiyo maana mpaka leo kaseti zao zinauzwa.”

Mzee akamrudishia kitabu, akavua miwani, akaanza kurudi nyuma. Alipofika mlangoni akamwuliza mwanawe kama hapo panatosha. Damiani, hedifoni masikioni, akasema kidogo tena, baba, samahani. Mzee akatoka nje, akasimama juani.

“Mwacheni aende mpaka Mlimba,” alisema shangazi Apolonia, “tutamsikia tu.”

Hata mzee alicheka huko nje. Wakaimba wimbo mzima.

Ulipoisha, mzee aliingia kudai hedifoni. Damiani akamvisha, akarudisha mkanda. Mzee alisimama ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu ya gunia, kisha akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe, “Huyu wa katikati ni nani?”

Alikuwa mkewe, mama Agnella, ambaye alisimama nyuma ya mgongo wake kwayani miaka yote tangu ujana wao. Wakamwonyesha. Mama Agnella akajifunika mdomo kwa khanga.

Damiani alisema mkanda ni mzuri, hakuna haja ya kurudia. Mzee akakataa. Alisema mwishoni kuna mahali amemkanyaga mama, ameingia kabla hajamaliza, na yeye anataka kusikia anavyomaliza. Akatoka mwenyewe, akapita alipokuwa amesimama kwanza, akaenda kusimama karibu na barabara, akanyanyua mkono kuwaonyesha kwamba yuko tayari.