Kiuno cha Mke wa Mmisionari

Juzi nilikuwa namfunga mteja kamba za koseti, lile vazi la kubana mbavu na kiuno linalovaliwa chini ya magauni ya kizungu ya kale, nikamkumbuka mama. Hapa Kimandolu hakuna anayenifikia kwa magauni hayo. Patani, ile michoro ya kukatia kitambaa, nachora mwenyewe, na stashahada niliyoitolea jasho ughaibuni nimeitundika ukutani, kila aingiaye aione.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, nyumbani Kikwe, chumba kilinuka makaa ya pasi na mifuko ya saruji. Mama alichora patani kwenye mifuko hiyo kwa kutazama picha ya mke wa mmisionari wa kwanza, ambaye shangazi angemwigiza kwenye igizo la kanisani kesho yake. Usharika mzima ulikuwa umechangia kitambaa, naye mama alishakikata chote. Kiuno cha gauni alikikata chembamba kama cha pichani. Mimi niliamini yule mzungu alikuwa na njaa.

"Ni loshoro ya asubuhi, wifi, mahindi na maziwa mgando hujaza tumbo," shangazi alicheka, gauni likigoma kufungika. "Subiri ishuke."

"Vuta tumbo, wewe!"

"Nikivuta zaidi litatokea mgongoni."

Mama akalazimisha vifungo hadi uzi ukaanza kukatika, tak, tak. Kicheko kikaisha.

Leo ningemweleza mama kilichofichwa chini ya gauni la pichani. Siku ile nilisimama tu na kisahani cha pini, nikabana tumbo langu kwa nguvu zote, labda shangazi angepungua.