Kipini cha Shangazi

Moshi wa maganda ya korosho ukinifikia, hasira hunipanda upya. Nilikuwa binti mdogo, napalilia karanga Newala, jembe likafukua sarafu ya dhahabu yenye kichwa cha mwanamume aliyevaa taji la majani. Shangazi, aliyekuwa akichoma korosho, akaninyang'anya.

“Hela ya Mjerumani hiyo! Ina laana, itakuua!”

Mwalimu jirani akaigeuza, akasema ni Kaisari wa Roma, labda sarafu ililetwa pwani na wafanyabiashara wa kale. Shangazi akamcheka, akaipeleka kwa sonara ikayeyushwa.

Laana ile akaivaa puani, kipini kinang'aa, mpaka anazikwa. Kila asubuhi nilimpigia goti: shikamoo. Sikuwa nikimwamkia yeye. Nilikuwa nikimwamkia Kaisari.