Pindo la Zulia la Vadhrol

Serikali haiingilii kamwe mambo ya ndani ya tawala za wenyeji. Kila mtawala ni bwana katika nyumba yake. Wakala wa Siasa, aliyeko kambini kwake akiziangalia tawala kadhaa kwa pamoja, kazi yake ni kushauri, tena kwa upole. Maneno haya ya Serikali ya Wazungu yalisomwa Vadhrol, mojawapo ya tawala hizo, kila alipofika Wakala mpya, na Alarakha, mtandika mazulia wa jumba la mtawala, aliyasikia mara nyingi akiwa amechuchumaa nyuma ya nguzo, akingoja wageni waondoke ili akunje.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na shamba la uwele na kisima chake. Shamba halikuwa mali yake, lilikuwa ujira. Anayetandika ndiye anayelima.

Mwaka ule pakawa na mzozo. Mtawala, Thakor wa Vadhrol, ambaye watu wake walimwita Bapu, alikuwa na desturi ya kusimama katikati ya zulia kumpokea mgeni. Wakala mpya alishauri, kwa upole, kwamba mtawala wa daraja lake atembee hadi ukingoni. Thakor akasema ni heri avunjike mguu. Barua zilikwenda na kurudi tangu mvua hadi uwele kutoa masuke, na Waziri wake, aliyeziandika, akakonda.

Ziara ilipokaribia, Waziri alimwita Alarakha.

"Livute zulia nyuma, uliviringishe chini ya kiti cha Bapu. Ukingo utasogea. Bapu atasimama pale pale pa siku zote, na Bwana Wakala ataona amefuatwa hadi ukingoni. Kila mtu atalala na heshima yake."

"Bwana Waziri, upande wa kiti huviringishwa mtawala akifa."

"Kwani anakufa?"

"Ndiyo maana siwezi, bwana."

"Sijakuomba fatwa, Alarakha. Nimekuomba zulia fupi."

Nyumbani, mkewe Jenabai alikuwa akipiga mikate ya uwele kwa viganja.

"Baba Kasam, viringisha anavyotaka."

"Nimzike mtu aliyeketi?"

"Haya, mlinde Bapu. Na shamba likienda, watoto utawalisha nyuzi za zulia?"

"Nitakunja upande wa mlango. Nani ataangalia chini?"

"Wazungu hawana kazi nyingine ila kuangalia chini."

Akakunja upande wa mlango, akalilaza pindo kwa magoti na viganja mpaka akaona halionekani. Bapu akatembea mwendo wake, akasimama pake, ukingo u mbele yake. Wakala akavua kofia, akapiga hatua, na ncha ya buti lake ikagota kwenye uvimbe.

Akaliinua pindo kwa fimbo, taratibu, kama mtu anayefunua chungu cha jirani. Zulia lililofichwa likajinyoosha hadi kizingitini.

"Zulia lenu ni refu kuliko nilivyoelezwa," alisema Wakala.

Thakor akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Alarakha. Alarakha hakuwa na wa kumtazama.

Ushauri ulifuata kwa barua. Kwanza, tangu sasa Thakor ampokee Wakala chini kwenye ngazi. Pili, jumba lisiwe na watumishi wasioaminika. La kwanza Thakor alilipinga wiki kadhaa kabla ya kushindwa. La pili alilikubali chai haijapoa.

Alarakha alikwenda kumwangukia.

"Bapu, niliogopa kukuviringishia."

Katika nyumba ile hakuna asiyejua maana ya zulia kuviringishwa pale.

"Najua, Alarakha," alisema. "Heri ungenizika tu."

Jenabai alifunga vyombo, wakahamia kwa kaka yake, kijiji cha tatu kutoka hapo. Mtandika mazulia mpya alitumwa kutoka kambini kwa Wakala. Aliukuta uwele umeshaiva.