Sahihi Nilizibandika Mimi, Anayelaumiwa ni Mama Neema

Admin, nifiche jina tafadhali. Kasulu ni ndogo, huku kila mtu anamjua mwenzake.

Mimi ni mdada wa miaka 29, kwetu Tanga. Nina mtoto mmoja, baba yake aliingia mitini. Huu mwaka wa tatu niko huku, nimeajiriwa kwenye kiwanda cha kusindika muhogo. Naitwa afisa mazingira na jamii, cheo kirefu kuliko mshahara wenyewe.

Mwaka jana kiwanda kiliomba dhamana ya serikali ili kipate mkopo wa mitambo, tuuze wanga nje ya nchi. Masharti yaliyonihusu yalikuwa mawili: maji machafu yapite kwenye mabwawa ya kuchujia kabla ya kuingia kijitoni, na wananchi wa bondeni waelezwe na wakubali. Mabwawa yako kwenye michoro tu, hayajachimbwa mpaka leo, na huo mkutano haukuwahi kufanyika. Bosi akaniambia, "Si uliwahi kuwaita wakinamama kuhusu mbegu? Majina na sahihi zao si zipo? Ambatanisha." Jamani, nilikata kichwa cha ile karatasi ya mahudhurio, nikabandika kingine kinachosema wamekubali. Niliogopa kufukuzwa kazi nikiwa na mtoto mchanga mgongoni. Dhamana ikatoka, kiwandani wakachinja mbuzi, na mimi nikala.

Sasa huku wakinamama huloweka muhogo kwenye vidimbwi kando ya kijito, siku tatu nne, ndipo wanauanika. Tangu mitambo mipya ianze, muhogo unatoka mweusi, unanuka hata mbwa hausogelei. Mnadhani walishuku bomba letu la maji machafu? Wapi! Walisema kuna mtu mwenye mkono mbaya anagusa maji. Wakamtaja Mama Neema.

Mama Neema ni jirani yangu, mjane. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, yeye ni raia kama mimi, ila watu wakikasirika wanamkumbusha. Nilipojifungua hospitali ya Kabanga ndiye aliyelala sakafuni pembeni ya kitanda changu, sina ndugu huku. Hata leo nikiwa kazini mwanangu anashinda kwake. Wiki iliyopita wamemwaga muhogo wake njiani na kumpiga marufuku kukanyaga kijitoni. Kanisani hakuna anayekaa naye benchi moja. Nilimkuta uani anasugua viganja kwa majivu mpaka vimechubuka. Akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, wewe umesoma. Mtu anaweza kuwa na kitu mkononi asijijue?"

Nikamjibu, "Hapana mama, acha hizo." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Ukweli sikumwambia. Tangu siku hiyo silali, sili, nikisikia bomba linanguruma nahisi kama linanisema mimi.

Alhamisi wanakuja wakaguzi kuangalia kama masharti yale yanafuatwa, na wanataka kuongea na mwananchi wa bondeni. Mabwawa bosi atayatafutia kisingizio cha mvua, mimi kaniagiza nitafute mama mpole, asiye na maneno mengi. Nimezunguka wee, sijapata ujasiri wa kumwomba mtu. Jana Mama Neema kasikia, kaja mwenyewe. "Nipeleke mimi. Nitawaambia kiwanda ni kizuri, kazi yako isije ikaharibika. Tena wenzangu wakiniona nimesimama na wageni wa serikali, labda watanirudisha kijitoni."

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikisema ukweli nafukuzwa, pengine nashtakiwa kwa kughushi, na kiwanda kikisimama vijana kibao wa hapa wanarudi kukaa vijiweni. Nikinyamaza, huyu mama atasimama mbele ya watu kulisifia bomba lililomfanya aitwe mchawi, na atafanya hivyo kwa kunipenda.

Nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza mnielekeze. Alhamisi nimpeleke Mama Neema au nijipeleke mimi? Jibuni haraka ndugu zangu, maana sasa hivi ninavyoandika yuko hapa sebuleni kwangu, kaja kuazima pasi anyooshe kitenge cha kuvaa siku hiyo.