Mamba wa Bafuni na Barua ya Bima

Maman anasema mtoto asiyeungama mapema ataungama akikimbia, kwa hiyo naungama: niliiandikia kampuni ya bima kwamba tunafuga mamba bafuni.

Sikukusudia waisome. Mpira wa mashine ya kufulia ulikuwa umepasuka, maji yakateremka ngazi mpaka sebuleni kama mgeni asiyejua hodi. Kampuni ililipa fundi, kisha ikatutumia fomu ya maswali. Kwetu karani ni mimi. Nyumba nyingi za Wakongomani hapa ughaibuni, mtaani kwetu Saint-Josse, ziko hivyo: mzazi anatia sahihi, mtoto aliyesoma hapa anajaza. Tangu nikiwa na miaka tisa nimejaza karatasi za kodi, za hospitali, hata barua ya shule iliyomwita maman kwa makosa yangu mimi mwenyewe. Hiyo niliijibu kwa niaba yake, kwa heshima kubwa.

Bon. Jioni ile maswali yalinichosha. Mna wanyama? Mamba mmoja, mpole, anapenda sabuni. Kuna moto unaowaka wazi ndani ya nyumba? Maman, siku ya matokeo ya shule. Watu wangapi wanalala humo? Watatu; kukiwa na kilio, mia moja. Mmefanya nini ili maji yasimwagike tena? Tunasali.

Nilicheka peke yangu mpaka dada yangu mdogo akaja kuuliza kama ninaumwa. Nilipanga kesho nichapishe fomu nyingine, niijaze kama mtu. Lakini maman huondoka alfajiri kwenda Auderghem kuwaogesha wazee, na mtu aliyezoea kupanga vitu vya wengine haachi fomu na bahasha yake mezani. Alitia sahihi bila kusoma, akaitia kwenye sanduku la posta njiani. Asome kwa nini? Karani wake yupo.

Wiki chache baadaye ikaja barua ya recommandé, ile unayoisainia mlangoni. Nilimsomea jikoni, sauti yangu ikipungua kila mstari. Kampuni ilisema tumetoa maelezo ya uongo kwa makusudi, kwa hiyo mkataba wetu unakatwa baada ya mwezi mmoja.

Nyumba yetu ni nyembamba hivi kwamba sofa iliingilia dirishani. Lakini ni ya kwake. Aliinunua kwa mkopo baada ya miaka kumi na miwili ya kuogesha migongo ya watu, na benki haitaki kusikia habari ya nyumba isiyo na bima ya moto. Bima ikiondoka, nyumba nayo inaanza kuaga. Alielewa hayo kabla sijamaliza kusoma. Akauliza uongo gani huo. Nikamwambia, swali kwa swali.

Nilikuwa nimeshapima umbali wa mlango. Hakunigusa. Alivua aproni, akaniambia nimletee koti lake la kanisani.

Dalali wa bima, yule bwana aliyetuuzia mkataba ule, ana ofisi mwisho wa mtaa wetu. Alitoa nakala ya fomu akaisoma kwa sauti, polepole, kama padri anayesoma majina ya marehemu. Mamba. Moto. Kilio. Alipofika kwenye sala akainua macho juu ya miwani. Maman akamwambia kwa Kifaransa kwamba ile moja si mzaha. Dalali akaomba radhi.

Halafu akatoa ushauri wake. Alors, tukubali tu yaishe, tutafute kampuni nyingine kimyakimya. Ila kila kampuni itatuuliza kama tumewahi kukatwa, na kwa sababu gani, na itabidi tujibu ukweli: kwa kudanganya.

Hapo maman akaweka mkoba wake juu ya meza ya watu. Alipoacha kazi kwa bibi mmoja mgonjwa, alisema, alitoa notisi. Mpangaji hafukuzwi bila notisi. Hata kijana huyu, akanionyesha kwa kidevu bila kuniangalia, shule ilimwonya mara tatu kabla ya kumsimamisha. Nyumba yake imekosa nini mpaka ipewe mwezi mmoja?

Dalali akakohoa. Mimi nikatoa simu, maana kukaa na kuona haya kulikuwa kunanichosha, nikatafuta sheria kwenye ukurasa wa serikali, nikaisoma kwa sauti ileile ya padri. Baada ya ajali, kama ile ya maji yetu, kampuni inaweza kukata mkataba, ndiyo, lakini lazima itoe miezi mitatu. Mwezi mmoja ni kwa mtu aliyekusudia kuidanganya, na hata huyo, kampuni lazima kwanza iwe imempeleka mbele ya hakimu.

Nikamuuliza dalali kama alikuwa anaijua. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Kwa kawaida watu hawaulizi," akasema.

Maman anajua Kifaransa vizuri sana, lakini safari hii alisema Kiswahili na kuniamuru nitafsiri.

"Muambie baende kwa juge. Babebe na ile karatasi ya mamba. Mi nitaikala mbele, na koti yangu ya kanisa, juge asome yote mpaka ku mwisho. Halafu anionyeshe mwizi ni nani."

Nilitafsiri bila kuongeza neno. Haijawahi kutokea.

Dalali akapiga simu kampuni, sisi tumeketi palepale. Tulisikia upande wake tu. Ndiyo, yuko hapa. Hapana, haondoki. Ndiyo, mbele ya hakimu. Ndiyo, mamba.

Siku kumi baadaye ikaja recommandé nyingine: barua ya kwanza imefutwa, mkataba unaendelea, tafadhali jazeni upya fomu hii. Neno pole halikuwemo, nilisoma mpaka nyuma ya karatasi.

Maman alitandaza fomu mezani, akaweka bic juu yake, akaketi mbele yangu na koti lake mwilini. Nikamuuliza kama safari hii atasoma kabla ya kutia sahihi.

"Nitasoma kila mustari," akasema. "Na pale banauliza kama kuko hatari ndani ya nyumba, andika jina yako."